Gari Halikuwa na Kasoro

Kwa mara ya tatu Shaaban aliuliza kutoka ndani ya gari kama taa ya nyuma ya kushoto inawaka, na kwa mara ya tatu Zaituni, mkewe, aliyesimama nyuma ya ile Peugeot na mtandio kichwani, akamjibu kwamba inawaka. Inawaka leo, iliwaka jana, iliwaka tangu siku walipolinunua gari lenyewe. Shaaban akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na ya kushoto?"

Zaituni hakujua acheke au alie. Mtaa mzima wa Mjini, hapa Machakos, ulimjua mumewe kwa ukaguzi wake. Hakuwahi kuanza safari, hata ya kufika Mumbuni na kurudi, kabla hajatazama maji ya rejeta, oili na mafuta ya breki, kabla hajagonga kila gurudumu kwa spana na kutega sikio kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Jeki mahali pake, spea imejaa upepo, zile pembetatu nyekundu za tahadhari zimefutwa vumbi. Mwaka ule kila mwenye gari alikuwa akilalamikia sheria mpya ya mikanda. Shaaban peke yake ndiye aliyefurahi, akaenda kwa fundi Kilonzo kufungiwa mikanda mpaka viti vya nyuma. Majirani walimtania kwamba gari lake hupimwa kuliko mwanamke mjamzito, lakini siku ya harusi au ya kumkimbiza mgonjwa hospitali, mlango wanaobisha ni wake. Ukipanda gari la Shaaban utafika, ndivyo walivyosema.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa ameinama akitafuta ufunguo chini ya kiti, na ufunguo uko mkononi mwake.

Zaituni alisogea dirishani akamwambia kwa upole, "Baba Sumayya, hebu lala kidogo. Tutaondoka tukishaswali alasiri."

"Nilale, na Mzee Gedi anangoja? Wewe uko na nini leo?"

Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza na hewa ilikuwa baridi, hata mbuzi wa jirani walijikunyata ukutani. Zaituni alitazama jasho lile, akatazama mikono iliyokuwa ikitetemeka kidogo juu ya usukani, na kama ilivyokuwa kila siku tangu Ramadhani ianze, akakosa la kufikiri.

Safari yenyewe haikuwa ya kuahirishwa. Sumayya, binti yao, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wakamwita Yasin, na kama desturi alikaa kwa mama yake akikandwa na kunyweshwa uji wa pilipili mpaka arobaini ikatoka. Sasa ilibidi arudishwe kwa mumewe Kithyoko. Baba mkwe wake, Mzee Gedi, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa ametuma salamu kwamba mbuzi amechinjwa na kwamba wageni watafuturu kwake siku hiyo. Mtu hamrudishi binti yake kwa wakwe na udhuru mdomoni.

*

Kulikuwa na siri katika nyumba ile, na Zaituni ndiye aliyeibeba.

Kabla tu ya mwezi kuandama, Shaaban alikuwa amekwenda hospitali kwa sababu ya kiu isiyokwisha, wakamwambia ana ugonjwa wa sukari. Wakampa vidonge. Alirudi nyumbani, akafunga mlango wa chumba, akamwapisha mkewe asimwambie mtu, na zaidi ya watu wote asimwambie Swabra. Swabra alikuwa dada yake mkubwa, mwanamke ambaye akijua jambo asubuhi, mtaa umelijua kabla ya adhuhuri. "Nani atampa dereva mgonjwa bibi harusi wake?" Shaaban aliuliza, na Zaituni akaapa. Alipomuuliza kama daktari amemruhusu kufunga, alisema amemruhusu. Alisema hivyo huku akivua viatu, wala hakuinua macho.

Tangu hapo Zaituni aliishi na wanaume wawili. Wa jioni, akishafuturu, alikuwa Shaaban wake, mcheshi, anayewaigiza wateja wake na kumbeba mjukuu begani. Wa mchana alikuwa mtu mwingine, mkali bila sababu, anayetoka jasho kwenye baridi, anayemwita Zaituni kwa jina la marehemu mama yake. Siku moja aliligonga lango lao wenyewe, lango ambalo amelipita miaka na miaka. Siku nyingine alimshusha abiria Mumbuni, naye alipotoka kufungua buti akayumba mbele ya watu.

Mke wa Kilonzo ndiye aliyekuja kumwambia, kwa huruma na kwa utamu kidogo pia, kwamba watu wanasema mzee ameanza kunywa. Tena mwezi mtukufu! Zaituni alikana mpaka sauti ikamkauka. Lakini mchana ule, Shaaban alipolala, aliinama juu yake akamnusa mdomo. Alinusa mara mbili. Hakukuwa na kitu ila harufu ya mtu aliyefunga. Aliona haya yeye mwenyewe, akatoka uani, na fadhaa ikamzidi kuliko mwanzo. Ingekuwa pombe, angalau angejua cha kuchukia.

Na dawa? Alimuuliza hilo pia. Shaaban alikasirika. Alisema yeye si mtoto, dawa zake anazimaliza zote kabla ya adhana ya alfajiri, kila siku, hajaacha hata moja. Zaituni akatulia. Mtu anayekula dawa zake hawezi kuwa na neno.

*

Waliondoka baada ya swala ya adhuhuri. Swabra alikaa mbele kwa haki ya ukubwa, na nyuma walikaa Zaituni na Sumayya na mtoto. Shaaban hakuwasha gari mpaka kila mkanda umelia "tak". Alipomfunga dada yake ule wa mbele, Swabra alilalamika kwamba unamkunja buibui.

"Bora ukunjwe buibui, dada, kuliko ukunjwe wewe," alisema Shaaban, na wote wakacheka. Zaituni alishusha pumzi. Huyu alikuwa wa jioni, amekuja mapema leo.

Walipopita Mumbuni, Swabra alianza sifa zake. Kaka yake hajaacha saumu hata moja tangu alipobaleghe. Alifunga na malaria, akafunga akiwa anaendesha lori la mchanga kule Lukenya, jua la utosi na vumbi la machimbo. Wanaume wa siku hizi, alisema huku akigeuka kidogo kumtazama Zaituni, hudekezwa na wake zao mpaka kichwa kikiwauma wanatafuta chai. Zaituni alitazama nje.

Baada ya Mutituni gari lilianza kwenda katikati ya barabara. Lori lilikuja mbele likipiga honi ndefu, Shaaban akalikwepa, halafu akawasha vipangusa vya kioo ilhali jua lilikuwa likiwaka. Vipangusa vikakwaruza kioo kikavu, krr, krr. Mbele kidogo, kwenye njia panda, akakata kuelekea Kathiani.

Sumayya aliinama mbele. "Baba, si tunapitia Kangundo?"

"Ndiyo hii."

"Hii ni ya Kathiani, baba."

Shaaban alisimamisha gari. Aliitazama barabara kama mtu anayesoma barua ya mwandiko asioujua, njia aliyoipita maisha yake yote. Kisha akacheka peke yake, akarudi nyuma bila kutazama kioo, na mwendesha baiskeli mmoja akaruka mtaroni. Swabra akaacha sifa, akashika tasbihi.

Zaituni alikuwa amemkumbatia mjukuu wake. Neno lilikuwa ulimini, lakini kiapo kilikuwa juu yake, na mbele alikaa Swabra. Akajiambia, tukifika Kangundo nitasema. Walipokaribia Kangundo akajiambia, tukivuka mteremko huu.

*

Polisi walikuwa wameweka kizuizi chini ya mteremko, karibu na vibanda vya chai. Afisa mmoja, kijana wa kiume, aliwasimamisha, akaomba leseni, akatazama mikanda, akaomba kuonyeshwa spea na zile pembetatu. Alizunguka gari lote. Hakuona pa kushika. Alisema kwa mshangao kwamba tangu asubuhi hajaona gari kama hili, kama wote wangekuwa hivi yeye angekuwa nyumbani amelala.

"Asante, mama," alisema Shaaban.

Afisa alimtazama. "Mzee, hebu toka nje kidogo."

Shaaban alitoka. Alishika mlango, akauachia, akaushika tena. Watu wa vibandani walianza kusogea, kwanza wawili watatu, halafu wengi.

"Mzee, umekunywa nini?"

Swabra alikuwa amefungua mkanda kabla swali halijaisha. Alimwambia afisa kwamba huyo anayemuuliza amefunga, ana funga mdomoni, na baba yake na babu yake hawakuijua pombe hata kwa rangi. Akamtaka aogope Mungu. Watu wakacheka. Mmoja akasema siku hizi wanaofunga ndio wanaoanguka zaidi. Afisa alimsogelea Shaaban, akamwambia apumue, akanusa. Zaituni, ndani ya gari, alimwona mtu mwingine akifanya mbele ya umma kile alichokifanya yeye kwa kujificha, na uso ukamuwaka moto.

Afisa akarudi nyuma. Hakunusa kitu. Alionekana kuona aibu kidogo kumfanyia hivyo mtu wa makamo mbele ya binti yake. "Ni njaa ya saumu tu," alisema, akamrudishia leseni. "Sawa, mzee. Endesha pole pole. Ramadhani njema."

Kwa hiyo walikuwa huru kwenda. Swabra alirudi kitini kwa ushindi. Shaaban alijikokota hadi kwenye usukani na kuukamata, na Sumayya akambana mtoto kifuani, macho yake kwa mama yake. Kila karatasi ilikuwa sawa, kila taa ilikuwa inawaka, serikali yenyewe imesema waende.

Zaituni alishuka. Alizunguka mpaka dirisha la dereva, akaingiza mkono, akachomoa ufunguo.

"Hatuendi," alisema.

"Nipe ufunguo, mama," alisema Shaaban kwa sauti ya mtoto.

Swabra alimwambia kwa meno yaliyofungwa asiwaaibishe mbele ya watu. Lakini Zaituni alijua wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio alikuwa amekipakata tangu Machakos.

"Ni mgonjwa," alisema, na alisema kwa nguvu kwa sababu angesema polepole asingemaliza. "Ana ugonjwa wa sukari. Hospitali walimwambia kabla ya mwezi kuandama. Aliniapisha, nami nikaficha."

"Muongo wewe," alisema Swabra. Ila alisema bila nguvu.

Wakati huo Shaaban aliinamia usukani na honi ikaanza kulia bila kukoma.

*

Walimtoa, wakamlaza penye nyasi, na kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema apewe maziwa. Mwingine akasema maji ya baridi kichwani. Mwanamke mmoja alikuja na chupa ya soda, na Zaituni mwenyewe ndiye aliyeusukuma mkono wake. Mtu ana sukari nyingi mpaka inamwangusha, nawe unamwongezea nyingine? Aliusukuma kwa hasira, akiwa na hakika. Baadaye, kila alipoukumbuka mkono ule, alisema astaghfirullahi.

Mwenye kibanda kimoja, Mutinda, mzee aliyewahi kuendesha basi, alisema zahanati iko hapo mbele tu, akamwomba Zaituni ufunguo. Yeye na afisa wakambeba Shaaban.

Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo chake, akaita mara moja tu kuelekea chumba cha nyuma. Walimchoma sindano ya mshipa. Macho ya Shaaban yalipofunguka kidogo, muuguzi alikoroga kikombe cha maji kwa sukari, vijiko juu ya vijiko, akamkabidhi Zaituni.

Zaituni alikitazama kikombe. "Sukari? Si ndiyo ugonjwa wenyewe?"

"Yake imeisha, mwaitu," alisema muuguzi, akimwita mama kwa Kikamba. "Imeondolewa mpaka haikubaki. Mpe haraka."

Swabra alikuwa amesimama mlangoni. Zaituni aliinua kichwa cha mumewe.

"Magharibi bado," alinong'ona Shaaban.

"Bado," alisema Zaituni. Hakutaka kumdanganya. "Kunywa."

Akanywa. Alikunywa chote kwa sababu ni yeye aliyemwambia, na machozi ya Zaituni yakaanguka ndani ya kikombe cha pili.

Akili zilimrudia kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi. Muuguzi akamuuliza kuhusu vidonge, anakunywa vingapi na saa ngapi. Shaaban alieleza kwa utulivu, hata kwa fahari kidogo. Aliambiwa kimoja asubuhi akila na kimoja jioni akila. Sasa mtu aliyefunga hali mchana. Kwa hiyo yeye huvimeza vyote viwili kwenye daku, na siku za safari huongeza kimoja.

"Kwa nini vyote?" aliuliza muuguzi.

"Ukienda mbali unajaza tangi kabla ya kuondoka," alisema Shaaban. "Huwezi kujua njiani utapata au hupati."

Muuguzi alikaa kitako. Alimweleza polepole kwamba dawa ile haijazi, inapunguza. Kila alfajiri amekuwa akijimaliza mwenyewe, kisha anaingia barabarani na watu nyuma yake. Akamuuliza kama daktari alijua kwamba atafunga. Shaaban alitazama viatu vyake. Daktari hakujua, kwa sababu Shaaban hakumuuliza. Aliogopa angekatazwa.

Kinyozi hajinyoi, ndivyo ilivyo. Mtu aliyegonga kila gurudumu hakujigonga mwenyewe. Zaituni alitaka kumkasirikia na hasira haikuja. Alichokiona ni Sumayya kwenye benchi akimnyonyesha Yasin, na mdomo mdogo wa mtoto ukivuta kwa amani.

*

Muuguzi alimkataza Shaaban usukani siku hiyo na siku zingine mpaka aonwe na daktari. Mutinda alikubali kuwafikisha Kithyoko, alikuwa na dada yake Matuu wa kumsalimia wakati wa kurudi. Aliingia tu, akawasha, akaondoa gari.

"Hujaangalia breki," alisema Shaaban kutoka kiti cha nyuma, alikokuwa amebanwa kati ya mkewe na bintiye.

Mutinda alikanyaga breki, wote wakainama. "Ziko, mzee."

Hakuna aliyecheka. Waliingia barabara ya Garissa, wakapita Matuu, ardhi ikawa tambarare na nyekundu. Hapo ndipo Swabra alipozungumza, bila kugeuka. Alisema yaliyotokea yametokea, lakini kule kwa Mzee Gedi hakuna haja ya kusema. Shaaban atakaa kimya, adhana italia, atatia tende mdomoni kama wanaume wenzake. Mutinda ataambiwa ni dereva wa kusaidia. Nani atajua?

Zaituni alimtazama mumewe. Shaaban hakukubali wala hakukataa. Uso wake ulikuwa umefungika, na Zaituni, baada ya miaka yote ya ndoa, hakuweza kujua kilicho nyuma yake.

Walifika jua likiwa limeinama. Mzee Gedi alitoka mwenyewe kuwapokea, na bibi yake Halimo akamnyakua mtoto kabla Sumayya hajashuka vizuri. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani kwa wanaume. Wanawake walikuwa chumbani, mlango wazi, na Zaituni akachagua pa kukaa ambapo angeona nje. Jamaa wa Gedi walijaa, na mmoja wao, ndugu yake, alikuwa akimwambia Shaaban habari za harusi ya binti yake baada ya Idi. Bibi harusi atachukuliwa na Peugeot ile, alisema, hakuna gari lingine.

Kimya cha dakika za mwisho kilipotanda, Mzee Gedi alichukua sahani ya tende akampelekea Shaaban kwa mikono miwili. Mgeni ndiye wa kwanza. Zaituni alisogea karibu na mlango. Kama atachukua, alifikiri, kesho atafunga tena, atajaza tangi tena.

Shaaban alitazama tende.

"Mpe mtu aliyefunga, mzee," alisema. "Mimi leo nimekula mchana."

Kijana mmoja alicheka akidhani ni utani. Shaaban alingoja mpaka amalize.

"Niko na ugonjwa wa sukari. Leo nilitaka kumuua mjukuu wako barabarani, pamoja na mama yake. Mke wangu alininyang'anya ufunguo." Kisha akamgeukia ndugu yake Gedi. "Gari utalipata. Dereva tafuta mwingine."

Wanaume waliangalia mikeka. Mzee Gedi alibaki ameshika sahani, kisha akaiweka chini, akaita kwa sauti kwamba mgeni aletewe chakula sasa hivi, asingoje na wengine. Ndugu yake alisogea pembeni kidogo na kuanza kunong'ona na jirani yake. Shaaban aliuona mnong'ono ule. Aliketi wima na mikono juu ya magoti, mtu asiye na kazi, na akala peke yake mbele ya wanaume waliofunga.

Adhana ililia. Watu wakafuturu, vikombe vikagongana, mazungumzo yakarudi, na Zaituni hakusikia chochote mpaka kitu laini kilipogusa midomo yake. Ilikuwa tende, na mkono ulikuwa wa Swabra.

"Kula, wifi," alisema Swabra. Kope zake zilikuwa zimelowa. "Mimi nilidhani ni pombe. Mwezi mzima namsifu mbele ya watu, nikirudi ndani nalia."

Zaituni alifungua mdomo. Walikaa bega kwa bega wakitafuna, wakimtazama yeye kule nje, akila.